Nunua tiketi ya kufika mpakani, si ya kuvuka mpaka

Ukiniuliza namna ya kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa basi, begi likiwa mgongoni, nitakujibu vilevile ninavyowajibu wote: kata tiketi ya kufika mji wa mpakani, lala hapo, asubuhi vuka kwa miguu yako mwenyewe, kisha tafuta gari jingine upande wa pili. Najua kampuni za mabasi zinauza safari za moja kwa moja, unapanda jioni huku na kushuka kesho yake kule, na wasafiri wengi wanaona huo ndio unafuu. Mimi naona wanauziwa usumbufu.

Basi la moja kwa moja hupangwa kwa kuangalia saa ya kufika, si saa ya kuvuka. Mpanga ratiba anataka abiria wateremke asubuhi na mapema wawahi shughuli zao, kwa hiyo mpaka unaangukia saa 8 au saa 9 usiku. Kama kituo hakifanyi kazi saa 24, dereva anazima injini nje ya geti na mnasubiri kukuche mkiwa mmekaa wima, madirisha yamejaa ukungu. Kama kinafanya kazi usiku kucha, utingo anapita akigonga viti, mnashuka na usingizi machoni, na papo hapo mnatakiwa kujaza fomu: namba ya pasipoti, mahali utakapofikia, siku utakayoondoka. Hiyo ndiyo saa ya mtu kusahau pochi kitini. Ndiyo saa pia ambayo duka la kubadilisha fedha linalotoa risiti limefungwa, na aliyebaki ni kijana mwenye bunda la noti na kikokotoo, anayekuharakisha kwa kuwa anajua gari lako linaondoka.

Linaloniudhi kuliko yote ni kondakta kukusanya pasipoti za abiria. Wanasema inaharakisha foleni. Anazipanga, anazifunga kwa mpira, anatokomea nazo kwenye dirisha la uhamiaji, na wewe unabaki umesimama ugenini bila karatasi hata moja inayokutambulisha. Nimewahi kuwa ndani ya basi la namna hiyo. Pasipoti zilirudishwa gizani, gari likiwa limeshaanza mwendo. Msichana aliyekaa upande wa pili wa njia aliwasha tochi ya simu akafunua ukurasa mmoja baada ya mwingine, akarudia tena kutoka mwanzo. Muhuri wa kutoka nchi ya kwanza ulikuwepo, wa kuingia nchi ya pili haukuwepo. Alipomfuata dereva aliambiwa tumechelewa, atayamaliza huko mbele. Hakukubali, wenzake wakamuunga mkono kwa sauti, na mwishowe basi likageuzwa. Angekuwa na aibu kidogo tu, au angelala bila kuangalia, angegundua siku ya kuondoka, mbele ya afisa ambaye kwake asiye na muhuri wa kuingia ni mtu aliyepita njia za panya.

Anayevuka kwa miguu anasimama mwenyewe dirishani. Anasikia muhuri unagongwa, anausoma papo hapo: tarehe, kituo, siku alizopewa. Pedi ikikauka wino, muhuri hutoka nusu, na idadi ya siku mara nyingi huandikwa kwa kalamu na mtu aliyechoka. Ukiwa bado mbele yake, unaomba arekebishe na yanaisha kwa nusu dakika. Ukiwa kilomita 80 mbele, hilo limekuwa tatizo lako peke yako. Na siku zenyewe zina hesabu yake. Eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, kwa mfano, humpa mgeni wa muda mfupi siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa.

Kuna jambo ambalo wanaotoka kwenye ndege hadi kwenye basi hulichukulia kirahisi. Shirika la ndege hukagua viza yako kabla hujapanda, kwa sababu ukikataliwa kuingia, ni wao watakaobeba gharama ya kukurudisha, na mara nyingi hutozwa faini juu yake. Karani wa tiketi za basi kwa kawaida hana mzigo huo. Anaandika jina, anachukua nauli, anakupa namba ya kiti. Kwa hiyo usidhani kwamba kuuziwa tiketi ni dalili kuwa hati zako ziko sawa. Na masharti ya nchi kavu si lazima yafanane na ya uwanja wa ndege. Viza ya kielektroniki ya India kwa miaka mingi ilikuwa ya kuingilia viwanja vya ndege na bandari teule tu. Ya Vietnam hutaja kituo cha kuingilia, na mwombaji ndiye anayekichagua. Thailand, mwishoni mwa 2016, iliwawekea kikomo cha mara mbili kwa mwaka wageni wanaoingia bila viza kwa njia ya barabara. Kadi ya homa ya manjano nayo, pale inapotakiwa, huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo ya kwanza, hivyo haikusaidii kitu ukichanjwa jana yake. (Angalau tangu Julai 2016 inadumu maisha yote, kwa hiyo itunze.) Ukilala mji wa mpakani una jioni nzima ya kuuliza na kuhakikisha. Ukiwa ndani ya basi la usiku unakwenda kujua dirishani.

Halafu kuna madalali. Safari za moja kwa moja ndizo zinazowalisha. Njia ya Bangkok, Thailand, kwenda Siem Reap, Kambodia, ilivuma kwa hili miaka mingi: gari lilisimama kabla ya geti, kwenye mgahawa au kwenye chumba chenye meza na bendera, na abiria waliambiwa viza zinatolewa hapo. Zilitolewa kweli, lakini kwa bei iliyopandishwa, ilhali ofisi halisi ilikuwa mbele kidogo. Abiria wa safari ya moja kwa moja anashindwa kubisha kwa sababu gari ndilo lililomleta na gari ndilo litakalomwacha. Mwenye miguu yake anapita.

Sisemi kila mpaka unavukika hivyo. Pale Los Libertadores, kati ya Argentina na Chile, barabara inapita kwenye handaki lililo zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na theluji huifunga mara kwa mara majira ya baridi. Hapo panda basi, tena la mchana, na uwe tayari kusubiri. Chile inalinda kilimo chake kwa ukali, kwa hiyo mabegi hushushwa na kukaguliwa kutafuta matunda, mbegu, nyama na asali, na tunda moja lililosahaulika kwenye begi la mtu mmoja linawachelewesha wote. Torugart, kati ya Kirgizia na China, ni pagumu zaidi: ofisi ya Wachina iko zaidi ya kilomita 100 kutoka mstari wa mpaka, na unatakiwa uwe umeshapanga usafiri wa kukupokea. Na ndani ya Schengen, ambako kwa kawaida hakuna wa kukugongea muhuri kati ya nchi na nchi, lala kwenye basi lako kwa amani.

Kwingine mambo yamekuwa mepesi kwa mtembea kwa miguu kuliko zamani. Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, tangu 2009 maafisa wa nchi zote mbili wanakaa pamoja, unagongewa kutoka na kuingia chini ya paa moja. Kazungula, kati ya Zambia na Botswana, ambako watu walivushwa kwa pantoni, daraja lilifunguliwa 2021 pamoja na kituo cha namna hiyohiyo.

Nitaambiwa kwamba kulala njiani ni gharama, na kwamba basi la usiku linakuokolea chumba. Ni kweli, na kwa mwenye bajeti finyu si jambo dogo. Lakini basi hilohilo mara nyingi linakushusha stendi alfajiri, chumba hakijawa tayari, na siku nzima inaishia kwenye usingizi.

Kwa kampuni za mabasi, naomba kitu kimoja ambacho hakiwagharimu chochote: andikeni kwenye tiketi saa mnayotarajia kufika mpakani, kituo kinafungua saa ngapi, na kama gari linamsubiri abiria aliyecheleweshwa dirishani au linamwacha. Anayelipa nauli ana haki ya kulijua hilo kabla hajatoa pesa, si saa 9 usiku akiwa mlangoni na begi lake bado liko kwenye buti.