Jalada laini, roho ngumu
Jamani, nani aliamua kitabu cha jalada laini kisubiri karibu mwaka mzima nyuma ya kaka yake wa jalada gumu? Unangoja weee, mpaka kila mwenye mdomo ameshakusimulia mwisho! Majira ya joto yanafika, kinatoka, unakibeba likizoni. Kumbe kinene kama tofali! Penguin, wachapishaji wa vitabu vya jalada laini, walipoanza Uingereza mwaka 1935, kitabu kilitosha mfukoni. Hiki kinataka hamali. Kukishika kwa mkono mmoja? Thubutu! Kinajifunga chenyewe kama chaza. Ukikilazimisha, mgongo unapasuka. Juani gundi inalegea, kurasa zinachomoka mojamoja, na ya kwanza kutoroka ni ipi? Ile inayomtaja muuaji! Nami nyuma yake mchangani, kandambili mkononi, naikimbiza kama kuku wa wageni.