Fundi Anayesita Kung'oa Diski

Tangu taasisi nyingi zihamie Dodoma na kuanza kutunza seva zao wenyewe, kuna mvutano ambao hauingii kwenye mihtasari ya vikao. Taa ya njano inawaka, ripoti ya seva inasema diski fulani imeharibika au kadi ya RAM (kumbukumbu ya muda ya seva) katika nafasi fulani ina hitilafu, na mkuu wa kitengo anataka kujua jambo moja tu: kipuri kinafika lini? Fundi wa TEHAMA anaomba nusu siku apime kwanza. Kwa ombi hilo huonekana mzembe, au mjuaji anayebishana na mashine iliyonunuliwa kwa fedha nyingi.

Mkuu ana hoja, na haipaswi kubezwa. Utafiti wa Google uliochapishwa mwaka 2007 ulionesha kwamba diski ikishapata kosa la kwanza la ukaguzi wa uso wake, uwezekano wa kuharibika ndani ya siku 60 huwa mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa. Mwaka 2009 utafiti mwingine wa kampuni hiyo ulionesha kuwa kosa la RAM linalosahihishika huongeza uwezekano wa kosa lisilosahihishika kwa kati ya mara 9 na 400. Ikiwa waranti ingali hai, kubadili kifaa hakuna gharama ya maana, na anayesubiri anacheza na hatari.

Lakini tafiti hizo zinahesabu makosa, ilhali ripoti ya seva inataja mahali, na mahali dalili ilipoonekana huenda pasiwe mahali tatizo lilipo. Chukua RAM. Tangu kizazi cha Nehalem cha mwaka 2008, seva za Intel zina kidhibiti cha kumbukumbu ndani ya prosesa yenyewe, hivyo kila data inayokwenda kwenye RAM hupita kwanza katika pini za soketi ya prosesa. Pini moja ikipinda, ripoti itataja kadi ya RAM bila kusita. Nimewahi kuona kadi ikibadilishwa mara mbili katika ofisi moja na nafasi ile ile ikaendelea kulaumiwa, hadi prosesa ilipoinuliwa na pini iliyolala ikaonekana kwa kurunzi ya simu. Kadi mbili zilizotolewa ziliwekwa kabatini na karatasi iliyoandikwa "mbovu", nami nadhani zingali humo, zikiwa nzima kabisa.

Upande wa diski ndio unaonisumbua zaidi. Mwaka 2008 watafiti walichapisha uchambuzi wa mifumo ya kuhifadhi data ya kampuni ya NetApp ipatayo 39,000, yenye diski takriban milioni 1.8, iliyofuatiliwa kwa miezi 44. Katika hitilafu zote za mifumo hiyo, diski zenyewe zilihusika kwa asilimia 20 hadi 55, kutegemea aina ya mfumo; nyaya, rafu na viunganishi vilihusika kwa asilimia 27 hadi 68. Hata tukichukua kiwango cha juu kabisa cha diski, karibu nusu ya hitilafu bado inabaki nje yake. Fundi anayesita ana haki ya kusita.

Tena kosa hapa haliishii kwenye fedha. Seva yenye RAID 5, yaani mpangilio unaosambaza data na taarifa za kuifufulia katika diski kadhaa, huvumilia kupotea kwa diski moja tu. Ukiing'oa diski nzima kwa sababu imesingiziwa, umeondoa kinga yote kwa mikono yako, na diski mpya ikichomekwa, kidhibiti hulazimika kuzisoma diski zilizobaki kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa saa nyingi, ili kuijaza. Ikiwa mkosaji halisi alikuwa kebo au bodi inayopokea diski hizo, basi usomaji huo mzito unapita katika njia ile ile iliyokuwa ikikatika. Diski ya pili ikitoweka katikati ya kazi, mfumo wote umeanguka, na swali linalobaki ni kama nakala rudufu ilichukuliwa kweli au iliandikwa tu kwenye taarifa ya mwezi.

Mazingira ya Dodoma nayo yanaongeza ushahidi wa uongo. Pawa saplai mbili zikiripotiwa kufa katika dakika moja, nitaikagua UPS (kifaa cha umeme wa akiba) inayozilisha zote mbili kabla ya kuagiza hata moja. Vumbi la kiangazi huziba vichujio, na mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa nyepesi huondoa joto pungufu. Ripoti ya feni au joto inaweza kuwa kazi ya brashi tu. Na kwa taasisi ya umma inayonunua kupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kukosea kipuri ni kuanza mchakato upya.

Kwa diski, upimaji hauhitaji hata kuigusa. Makosa ya CRC, yaani data kuharibika njiani kati ya diski na seva, yakiongezeka wakati sekta zilizohamishwa, yaani vipande vibovu vya diski vilivyobadilishwa na vya akiba, hazibadiliki idadi, kebo ishukiwe kwanza. Sekta zilizohamishwa zikiongezeka, diski iondoke leo, na fundi anayeendelea kubishana hapo nitamwacha peke yake. RAM ni ngumu zaidi, kwa sababu seva lazima izimwe, na kama ndiyo seva pekee ya malipo, nakubaliana na mkuu kwamba kipuri kiagizwe mara moja. Ila kabla hakijafungwa, fundi apewe saa chache za usiku wa Jumamosi aihamishie kadi inayolaumiwa kwenye nafasi nyingine, aone kama lawama itaifuata kadi au itabaki kwenye nafasi.