Dadu, kifuniko na klasi ya batoto 60

Muzazi mumoja hapa Goma aliniuliza kwa hasira: ni masomo gani hii, mutoto anarudi nyumbani anasema leo tulicheza dadu? Ni somo la probabilité, hesabu ya nafasi ya kitu kutokea. Lakini huyo muzazi namuelewa. Mukubwa wa huyo mutoto anamaliza franga kwa pari (kubeti) za mupira, na sasa mudogo naye anafundishwa dadu klasini. Na mwalimu ana yake: programu ndefu, Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, inangoja, batoto 60 klasi moja, michezo utaiingiza wapi? Andika formula kwa ubao, dakika 10, imeisha.

Lakini hiyo formula, kugawanya kesi unazotaka kwa kesi zote, inakuwa kweli tu kama zote ziko na nafasi sawa, na hapo ndipo batoto banapotea. Kitabu kinasema rusha sarafu, na sisi franga zetu ni makaratasi tupu. Basi chukua kifuniko cha chupa ya bia ya Primus. Pande mbili, batoto bote banajibu: nusu kwa nusu! Haya, kila kundi barushe mara 100, baandike. Mara nyingi upande moja unapita mwengine, na hakuna formula iliyowaambia, ni kurusha na kuhesabu tu.

Na kuhusu wingi wa batoto, hapo siko pamoja na walimu kabisa. Kata kartoni duara ndogondogo, upande moja upake bic (kalamu), kila mutoto na yake. Bote basimame barushe, aliyepata upande mweupe anakaa. Kutoka 60 banabakia kama 30, kisha 15, 8, 4, 2, mara ya 6 mumoja hivi, pengine hakuna. Kwa klasi ya batoto 10 usingeona hiyo vizuri! Huyo aliyebakia hana dawa wala bahati ya ukoo, ni hesabu tu. Sasa chukua tikiti ya pari ya mechi 10 ya yule mukubwa wa mutoto: hata kila mechi ingekuwa nusu kwa nusu, kupata zote 10 ni nafasi 1 kwa 1024. Simamisha klasi 17 kama hii, barushe mara 10, ndio pengine abakie mumoja.

Sisemi mutoto akijua hiyo hatacheza pari kamwe, na mchezo bila kuandika kwa kaye (daftari) ni kelele tu. Ila hizo kartoni 60 mwalimu anazikata usiku kwake, kwa mushahara tunaoujua, na hapo sina jibu la kumupa.