Kariakoo inadai kibao chake

Pale Pimlico, London, nyumba namba 95 ya Cambridge Street ina kibao cha duara ukutani, cha buluu, chenye maandishi meupe machache: Jomo Kenyatta aliishi hapa, 1933 hadi 1937. Nyumba yenyewe ni ya kawaida tu, imebanana na jirani zake. Siku ya kwanza nilikipita, nikarudi, nikasoma mara ya pili. Miaka yote niliyoishi ugenini, sikutarajia kukutana na mtu wa kwetu juu ya mlango wa watu.

Vibao hivi watu wa London walianza kuvibandika tangu miaka ya 1860, na sharti lao mhusika awe amefariki si chini ya miaka 20. Vinapendelea wenye majina makubwa, na hilo silipendi. Lakini mpita njia anasoma bila kiingilio, akiwa na mfuko wa sokoni mkononi.

Nilipokwenda likizo Dar, nilitembea na mtoto wa dada yangu kutoka Posta hadi Kariakoo. Tulianzia kwenye kipilefti cha Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Tulisubiri magari yapungue, tukavuka, tukainama kusoma. Akaniuliza, "Mjomba, wapagazi ndio nani?"

Nikamwambia ndio hao walioipa Kariakoo jina lake. Hakuniamini. Yuko kidato cha pili, karibu kila Jumamosi yuko Kariakoo na mama yake wakichagua vitenge, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba Waingereza walipouteka mji kutoka kwa Wajerumani, kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kilipiga kambi pale, na ulimi wetu ukalifanya jina hilo Kariakoo. Katika vita ile, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walikusanya wapagazi wapatao milioni moja Afrika Mashariki na nchi za jirani. Karibu laki moja walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa, mizigo ikiwa kichwani. Askari ana sanamu yake na singe yake. Aliyembebea chakula na risasi ana jina la soko, na maana ya jina hilo inazidi kupotea.

Mimi niliambiwa na babu, barazani kwake Ilala, jioni moja umeme ulipokatika. Babu hayupo tena. Mpwa wangu amekulia ghorofani, hana baraza wala babu, kwa hiyo nataka ukuta umwambie.

Kibao hicho kiwekwe sokoni, usawa wa macho, kwa Kiswahili, na maneno yake yatoshe kusomwa mtu akisubiri chenji: "Hapa walipiga kambi wapagazi wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Wengi hawakurudi makwao. Jina la mahali hapa ni lao."