Vidonge Bure, Sahani Tupu

Hapa Nyalenda, Kisumu, utasikia mara kwa mara kwamba dawa za TB ni kali mno kwa mtu aliyekonda. Hofu hiyo ina msingi, lakini lawama zote zisibebeshwe dawa. Tunampa mgonjwa vidonge bure kwa miezi 6, kisha chakula tunamwachia ajitafutie, ilhali ugonjwa ndio uliomtoa kazini.

Mwili wenye utapiamlo hauipokei dawa sawasawa. Utumbo hudhoofika, na kwa baadhi ya wagonjwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB, hufika kwenye damu ikiwa pungufu. Ini nalo hukosa protini za kutengenezea glutathioni, kinga yake dhidi ya sumu, kwa hiyo hudhurika upesi hadi macho yakawa ya manjano. Isoniazidi, dawa nyingine ya TB, humaliza vitamini B6, na asiye na akiba huanza kuhisi ganzi na nyayo kuwaka moto. Ndiyo sababu huongezewa piridoksini, yaani vidonge vya vitamini B6.

Halafu kuna lile agizo: meza saa nzima kabla ya kula. Ni agizo sahihi, maana chakula hupunguza kiasi cha rifampisini na isoniazidi kinachoingia mwilini. Ila linamfaa mwenye chai na kitu cha kutafuna jikoni. Anayemeza alfajiri na kuonja ugali jioni atashinda na kichefuchefu na kizunguzungu, na hapo ndipo siku za kumeza huanza kurukwa. Kumwita mtu huyo mzembe ni kumwonea. Inaniuma kila ninapolisikia neno hilo.

Huko Jharkhand, India, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba familia za wagonjwa zilizogawiwa mchele na dengu zilipata visa vipya vya TB pungufu kwa karibu asilimia 40. Wagonjwa walioongeza uzito mapema, nao, walikuwa katika hatari ndogo ya kufa.

Kwetu mizani ipo tayari kila kliniki, kwa kuwa idadi ya vidonge hupangwa kwa kilo. Baadhi ya vituo hutoa unga wa lishe, lakini kwa waliodhoofika kabisa. Naitaka kaunti itenge fedha zake yenyewe: mgonjwa akishapimwa, aondoke na unga, maharagwe na omena pamoja na dawa zake, na mgao uendelee mpaka uzito urudi, hata mfadhili akifunga mradi.