Anayeulizwa akiwa hana dawa nyingine

Saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imekwisha kusambaa mwilini mwa shangazi yangu wa Kibosho wakati ujumbe ulipoingia katika kundi la WhatsApp la ukoo, Desemba 2024, ukisema kwamba Urusi imepata chanjo ya saratani na itawapa wagonjwa wake bure. Kabla ya jua kuzama binamu mmoja alikuwa ameshaanza kuulizia nauli ya ndege. Baba mdogo, ambaye mwaka 2011 alilala njiani katika msururu wa magari ya kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 cha dawa ya mitishamba ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile, iliyodaiwa kuponya magonjwa sugu, alisema safari hii angalau ni sayansi. Mimi niliuliza chanjo hiyo imejaribiwa kwa nani na matokeo yakawaje, nikaonekana mkatili.

Sehemu ya tatizo ni neno lenyewe. Kwa mzazi wa Moshi, chanjo ni ile sindano anayochomwa binti begani: tangu 2018 Tanzania inawachanja wasichana dhidi ya HPV, kirusi kinachosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, na tangu 2024 wa miaka 9 hadi 14 hupewa dozi moja. Hiyo ni kinga, na kwa shangazi ilikuwa imechelewa mno. Chanjo ya tiba ni kitu kingine. Hupewa mtu ambaye tayari anaugua, ili askari wa mwili wake wafundishwe kuitambua alama fulani iliyo kwenye seli za uvimbe na kuzishambulia. Lakini uvimbe uliokomaa umeishi na askari hao kwa miaka, umejua namna ya kuwapumbaza, na mwili uliopitia mionzi na dripu za dawa kali mara nyingi hauna tena nguvu ya kufundishwa. Kwa hiyo chanjo hizi huanza kujaribiwa kwa wagonjwa walewale ambao kwao ni vigumu zaidi kufanya kazi.

Takwimu zinasema hivyo bila huruma. Mwaka 2004 Steven Rosenberg na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walitoa hesabu ya wagonjwa wao 440 waliopewa chanjo mbalimbali za saratani: waliopungukiwa na uvimbe kwa kiwango kinachopimika walikuwa asilimia 2.6. Mwaka 2010 Marekani iliidhinisha sipuleucel-T kwa saratani ya tezi dume iliyosambaa, chanjo inayotengenezwa kwa chembe za damu ya mgonjwa mwenyewe. Katika majaribio ya wanaume 512, muda wa kati wa kuishi (ule ambao nusu ya wagonjwa huuvuka) ulikuwa miezi 25.8 kwa waliopewa na miezi 21.7 kwa wasiopewa. Ni miezi minne, kwa bei ya dola 93,000 ilipoingia sokoni. Kisha mwaka 2014 chanjo ya MAGE-A3, ambayo katika utafiti mdogo wa awali ilileta matumaini, ilishindwa kuzuia saratani ya mapafu isirudi, baada ya kujaribiwa kwa watu zaidi ya 2,200.

Sisemi haya ili watu wakate tamaa. Chanjo ya mRNA, yaani ya maelekezo ya kijenetiki ambayo seli huyasoma, inayotengenezwa kwa kufuata uvimbe wa kila mgonjwa, ikitolewa pamoja na pembrolizumab, dawa inayoisaidia kinga ya mwili kushambulia saratani, ilipunguza kwa asilimia 44 hatari ya saratani ya ngozi ya melanoma kurudi au ya mgonjwa kufariki, ikilinganishwa na pembrolizumab peke yake, katika utafiti wa watu 157. Lakini watu hao walikuwa wameshafanyiwa upasuaji na uvimbe ukaondolewa. Habari inaposafiri hadi kwenye simu zetu, sentensi hiyo ya upasuaji ndiyo inayodondoka njiani.

Je, basi ni makosa kuwajaribia wagonjwa wa hatua ya mwisho? Kwa maoni yangu si makosa. Mtu ambaye dawa zilizopo zimemshinda hanyimwi kitu kingine kwa kuingia katika utafiti, na hatari ambayo ingekuwa dhuluma kwa mwenye afya kwake yaweza kuwa chaguo halali. Shida ni kwamba sababu hiyohiyo inayohalalisha jaribio ndiyo inayoidhoofisha ridhaa yake. Mfa maji hukamata maji, na aliye katika hali hiyo hasomi karatasi ya kurasa nyingi kama mwanasheria. Akisikia «awamu ya kwanza» anadhani ni dozi ya kwanza ya tiba yake, ilhali awamu ya kwanza hupima hasa kama kitu hicho kina madhara na ni kiasi gani mwili unaweza kustahimili. Wanaonufaika, kwa sehemu kubwa, ni wagonjwa watakaokuja baadaye. Jambo hilo ni la heshima kubwa endapo ameambiwa, asipoambiwa, ametumiwa.

Hapa nchini utafiti wa dawa mpya kwa binadamu hauanzi bila kibali cha kamati za maadili, NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), na ningependa kuona majaribio ya namna hii yakifika KCMC, hospitali ya rufaa ya hapa Moshi, badala ya sisi kuyasikia kutoka mbali kila mara. Yakifika, nina ombi kuhusu chumba cha ridhaa. Fomu husainiwa na mtu mmoja, lakini uamuzi wa mgonjwa wa huku mlimani Kilimanjaro hufanywa sebuleni, mbele ya kaka zake, watoto wake na yule shemeji anayelipa nauli ya kutoka Rombo. Apewe fomu ya Kiswahili kinachosomeka, alale nayo nyumbani siku mbili, kisha arudi na yeyote anayemtaka. Na swali la kwanza atakaloulizwa lisiwe kama amekubali, bali aeleze kwa maneno yake mwenyewe anachodhani sindano hiyo itamfanyia. Shangazi, nilipomuuliza kuhusu ile chanjo ya Urusi, alinijibu kwamba itamrudisha shambani kabla ya masika.