Printa imechomolewa, bado inaitika

Shangazi yangu ana duka la steshenari Ngamiani, hapa Tanga. Mbele duka, nyuma sebule. Printa yake ilikuwa na kisirani: asubuhi inachapa bila maneno, jioni ikianza tu ile tamthilia ya Kituruki, haitoi hata nukta. Wino umo, karatasi zimo, kompyuta inasema printa haipatikani, na printa ile pale, unaigusa.

Fundi aliyeifunga alipopigiwa simu alijibu "zima uwashe", akakata. Shangazi alikuwa na jibu lake: jirani mwenye mashine ya fotokopi kaitupia jicho. Udi ulishafukizwa, printa ikanukia kuliko bibi harusi.

Nikaitwa. Dukani nilimkuta mama mmoja akisubiri kadi za harusi ya bintiye. Nikabonyeza kitufe, printa ikatoa yenyewe karatasi ya mipangilio: IP, yaani anwani yake kwenye mtandao, 192.168.1.5, imewekwa kwa mkono.

"Mkono wa nani?" shangazi akauliza, jicho kwa jirani.

Nikaipiga pingi hiyo namba, yaani nikaibishia hodi kutoka kwenye kompyuta nione kama itajibu. Ikaitika. Basi ili nijiridhishe, nikachomoa waya wa umeme, taa zote zikazimika. Nikapiga tena.

Ikaitika.

Shangazi IP haijui, lakini waya aliuona mkononi mwangu. "Inna lillahi!" Akarudi nyuma mpaka akagonga rafu ya madaftari. Mama wa kadi akaomba flashi yake.

Ukishachomoa kitu na bado kinaitika, anayeitika ni mwingine. Ruta, kile kisanduku cha intaneti, ndiyo inayogawa anwani kwa kila kinachounganishwa, na ile namba 5 ya mwisho ilikuwa ndani ya fungu la namba inazogawa. Fundi akaibandika kwenye printa, ruta haina habari. Nikafungua 192.168.1.1, anwani ya ruta yenyewe, nione orodha: mwenye 5 ni tivii ya sebuleni.

Nikaenda kuizima, mhusika mkuu ndiyo kwanza anataka kufumaniwa. Walichonitolea binamu zangu hakiandikiki. Pingi, kimya.

Printa nikaipa namba 200, nje ya fungu la ruta, nikabadilisha na kwenye kompyuta pia, maana usipofanya hivyo itaendelea kubisha hodi nyumba ya zamani. Kadi zikaanza kutoka.

Nikamweleza shangazi: vitu viwili, anwani moja, kwa hiyo tivii ikiwashwa, kazi za wateja zinapelekwa huko.

Akanyamaza, akipiga hesabu. "Kwa hiyo sivii za watu, mikataba ya viwanja, vyote vimo mle ndani?"

"Havikuingia, shangazi. Tivii haipokei."

"Wewe umejuaje?"

Mama wa kadi akanivuta pembeni. Alitaka kujua kama wanaotazama ile tamthilia wameshaiona kadi, kwa sababu kuna watu mtaani hakukusudia kuwaalika.